Lance namba 3, Purdy namba 262, ofisi ileile: tuhukumu vipi drafti ya NFL?

Sangara wa Mwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwisho wa Aprili nakesha. Drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa zetu, na kabla jua halijachomoza juu ya ziwa, wachambuzi wameshazipa timu alama kama za mtihani: hawa A, wale F. Kijana hajavaa hata jezi ya mazoezi. Miaka mitatu ikipita watu walewale wanarudi na hukumu nyingine. Mchezaji aking'ara, meneja aliyemchagua ni fundi. Akigeuka galasa, meneja kapigwa. Hukumu zote mbili naona zina kasoro kubwa, na nimekaa nalo jambo hili muda mrefu, kwa hiyo mnivumilie niandike kwa kirefu.

Kwa wageni wa mchezo huu: drafti hii si ile ya kete za kijiweni. Ni siku tatu ambazo timu 32 zinagawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, raundi 7. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Kwetu mchezaji anasajiliwa na mwenye pesa aliyemwahi. Kule kijana hana hiari, aliyemtaja ndiye mwenye haki ya kumsajili. Ila timu zinaruhusiwa kuuziana zamu, za mwaka huu na hata za miaka ijayo. Mimi naitazama ofisi zaidi hapo kwenye kuuziana zamu kuliko kwenye jina lenyewe linalotajwa jukwaani.

Sasa nije kwenye kisa.

Machi 2021 San Francisco 49ers walikuwa na zamu ya 12 na walitaka kotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Wakapanda hadi namba 3 kwa kuwapa Miami Dolphins zamu hiyo ya 12, zamu zao za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, na moja ya raundi ya tatu ya 2022. Wakamchukua Trey Lance wa North Dakota State, kijana wa miaka 20. Alikuwa na msimu mmoja tu kamili, wa 2019: tachidauni 28 za pasi, yaani pasi zilizozaa bao, na wapinzani hawakumnasa pasi hata moja. Ni namba za kutisha, lakini alizipata dhidi ya vyuo vya daraja la chini. Mwaka 2020 corona ilivuruga ligi yao, akacheza mechi moja. Pale San Francisco alianza mechi 4. Septemba 2022 akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne.

Aprili 2022, meneja mkuu akiwa yuleyule John Lynch na kocha yuleyule Kyle Shanahan, wakiwa na zamu ya mwisho kabisa ya drafti nzima, namba 262, walimtaja Brock Purdy wa Iowa State. Desemba mwaka huo, kwenye mechi dhidi ya Miami haohao, kotabeki Jimmy Garoppolo akavunjika mguu. Lance alishaumia. Akaingia Purdy. Februari 2024 alikuwa Las Vegas kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa 25-22 na Kansas City Chiefs katika muda wa nyongeza. Mshahara wake wa msingi msimu ule ulikuwa dola 870,000, fedha ambayo kwa kotabeki wa NFL ni nauli. Mei 2025 wakampa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265.

Haya, hii ni ofisi ya mafundi au ya waliopigwa?

Msimamo wangu ni huu. Biashara ya Lance ilikuwa mbaya hata kama kijana angefanikiwa. Na Purdy hawakumwona kwa jicho la pekee, ingawa walifanya vizuri kumchukua.

Nianze na Purdy. Mwaka ule 49ers walitaja wachezaji 8 kabla yake. Kama Lynch angejua anachokuja kuwa, angesubiri hadi zamu ya 262 huku timu nyingine 31 zikiwa na nafasi ya kumbeba? Ni habari ileile ya Tom Brady mwaka 2000, kotabeki aliyekuja kuwa gwiji. Watu husema New England Patriots waliona lulu kwenye zamu ya 199. Patriots haohao walitaja wachezaji 6 kabla yake. Waliona kitu, ndiyo, lakini si kile tunachowapa sifa leo. Walichofanya vizuri ni kutumia zamu ya bei ya chini kwa kotabeki mwenye ushahidi wa chuoni, wakati tayari walikuwa na Drew Bledsoe. Purdy naye alikuwa ameanza chuoni kwa misimu minne. Asingefaa, walipoteza nini? Karibu hakuna.

Kwa Lance ni kinyume chake. Sina ugomvi na kumpenda kijana mwenye mkono ule na miguu ile. Ugomvi wangu ni bei. Zamu tatu za raundi ya kwanza zimewekwa juu ya mtu ambaye ushahidi wake ulikuwa mdogo kuliko wa karibu kila kotabeki wa raundi ya kwanza mwaka ule. Na muangalie ile zamu ya 12 ilikotembea. Ilitoka San Francisco ikaenda Miami, Miami wakaipeleka Philadelphia, Philadelphia wakaipeleka Dallas, na Dallas wakamtaja Micah Parsons, ambaye mwaka huohuo alikuwa mlinzi chipukizi bora wa ligi. Sisemi 49ers wangemchukua Parsons. Ninachosema ni kwamba zamu ni mali. Ukiitoa mkononi, kuna mtu mwingine anakwenda kulima nayo.

Sasa kwa nini napinga kulipa bei kubwa ili upande? Kwa sababu hakuna mtu aliyethibitisha kwamba anajua kuchagua kwa uhakika unaolingana na bei hiyo. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler (Thaler ndiye aliyepata Nobel ya uchumi 2017) walipitia drafti za miaka mingi na kuuliza swali moja: ukiwaweka pamoja wachezaji wawili wa nafasi moja waliotajwa mmoja baada ya mwingine, ni mara ngapi yule wa kwanza anakuwa bora? Ilikuwa kuzidi nusu kidogo tu. Karibu sawa na kurusha shilingi. Lakini timu zilikuwa zinalipa kana kwamba zinaona kesho.

Bei yenyewe ilitoka Dallas. Miaka ya mwanzo ya tisini, kocha Jimmy Johnson wa Cowboys alikuwa na chati ya pointi kwa kila zamu: namba 1 ni pointi 3000, namba 32 ni pointi 590. Ligi nzima ikaja kuifuata. Fanya hesabu: ukiuza namba 1 unapata tano za mwisho wa raundi ya kwanza. Wachezaji watano kwa mmoja! Halafu nusu nyingine ya hesabu ni mishahara. Mwaka 2010 Sam Bradford, namba 1, alipewa mkataba wa miaka 6 unaofika dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajarusha pasi. Mwaka uliofuata makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yakaweka viwango, na Cam Newton, namba 1 wa 2011, akapata miaka 4 kwa milioni 22. Kwa hiyo leo kukosea namba 1 hakuui timu kama zamani. Kinachoiua ni zile zamu ulizotoa ili ufike pale.

Chicago Bears wanajua. Mwaka 2017 walikuwa namba 3. Wakawapa 49ers zamu yao, mbili za raundi ya tatu na moja ya raundi ya nne ili wapande ngazi moja tu, hadi namba 2, wamchukue Mitchell Trubisky, aliyekuwa ameanza mechi 13 chuoni. Patrick Mahomes, kotabeki aliyekuja kuwa nyota wa Kansas City Chiefs, akatajwa namba 10, Deshaun Watson namba 12. Watu wanamsulubu meneja Ryan Pace kwa kumwacha Mahomes. Mimi hilo namsamehe kabisa, kwa sababu timu nyingi zilimwacha Mahomes. Nisichoweza kumsamehe ni hofu. Alilipa zamu tatu za ziada kwa sababu aliogopa mtu mwingine atamruka. Na 49ers, walioshinda biashara ile waziwazi, walimtaja Solomon Thomas kwa namba 3, na hakufikia walichotarajia. Unaweza kuuza vizuri na kuchagua vibaya siku hiyohiyo.

Kisha kuna hili la kibarua, ambalo wachambuzi wengi hawalitaji. Meneja anayehisi atafukuzwa mwakani, zamu za mwakani si zake. Mpangaji anayehama hapandi mwembe uani. Mwaka 2021 Pace huyuhuyu alipanda tena, kutoka namba 20 hadi 11, kumfuata Justin Fields, na kati ya alivyowapa New York Giants ilikuwemo raundi ya kwanza ya 2022. Januari 2022 akafukuzwa. Aliyerithi kiti, Ryan Poles, alikuta zamu ile imeshaliwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini timu fulani inakosea drafti miaka kumi mfululizo, usiwaanzie maskauti. Muanzie mmiliki anayebadilisha mameneja kila msimu wa tatu.

Ninavyopima mimi: walikuwa wanajua nini siku ile, walilipa nini, na wakikosea wangebaki na nini. Jina la mchezaji linakuja baadaye.

Karibuni, mnipinge.

Mkenya wa Minnesota

Ndugu Sangara, umenigusa. Mimi niko huku Brooklyn Park tangu 2001, na nina kisa cha upande wa pili: ofisi ikavurugika hadharani, matokeo yakawa dhahabu.

Aprili 2003 tulikuwa kwa rafiki yetu mmoja wa kazini, sebule imejaa, Vikings, timu yetu ya Minnesota, wana namba 7. Wakati huo raundi ya kwanza timu ilipewa dakika 15. Viongozi wetu walikuwa kwenye simu na Baltimore, wanataka kushuka na kulipwa kitu. Saa inahesabu. Kwenye televisheni unaona ile meza ya Minnesota, watu wameshika simu, hakuna anayenyanyuka. Muda ukaisha! Ukiisha, zamu haipotei, lakini yeyote anayefuata anaruhusiwa kukuruka akiwahi. Jacksonville wakakimbiza karatasi mbele: Byron Leftwich. Kabla hatujavuta pumzi Carolina nao wakakimbiza yao: Jordan Gross. Vikings ndipo wakapeleka karatasi yao, wakiwa wa 9. Mwenyeji wetu alizima televisheni, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefiwa.

Jina lililokuwa kwenye karatasi ni Kevin Williams wa Oklahoma State. Alicheza hapa misimu 11, mara tano akawekwa kikosi cha kwanza cha bora wa ligi. Mpaka leo ukivaa jezi namba 93 mitaani huku, watu wazima wanakusalimia.

Sasa tukihukumu kwa matokeo, ile ndiyo drafti bora. Lakini mimi niliiona kwa macho. Haikuwa ofisi iliyojua inafanya nini siku ile.

Sangara wa Mwanza

Mkenya, huo ndio mfano niliokuwa nautafuta. Na kumbuka Leftwich na Gross nao walicheza ligi hii miaka mingi, hawakuwa magalasa. Vikings waliteleza, wakaangukia mahali palepale walipokuwa wanakwenda.

Mama Naima

Asalaam aleikum wanajukwaa. Sangara, nimesoma yote mara mbili na nina tatizo na wewe. Unasema kulipa ili upande ni kosa. Chiefs walipanda kutoka namba 27 hadi namba 10 kumfuata Mahomes. Waliwapa Buffalo namba 27, namba 91 na raundi ya kwanza ya 2018. Hiyo si bei ndogo. Mbona hukuwataja? Au kwa sababu ametwaa Super Bowl tatu, bei imesahaulika? Basi na wewe unahukumu kwa matokeo, umeificha tu.

Na Rams je? Walimpeleka Jared Goff Detroit pamoja na zamu mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wampate Matthew Stafford, na Februari 2022 wakabeba kombe.

Sangara wa Mwanza

Wa aleikum salaam Mama Naima. Umenibana pazuri, na nakiri niliandika kama kwamba kila kupanda ni dhambi. Siyo hivyo.

Chukua Chiefs. Mwaka 2016 walishinda mechi 12 wakafungwa 4. Timu ya namna hiyo ikikuuzia raundi ya kwanza ya mwakani, inakuuzia zamu ya mwishoni mwishoni, na kweli ile ya 2018 ilitua namba 22. Halafu tayari walikuwa na kotabeki mzoefu, Alex Smith. Mahomes alikaa benchi msimu mzima wa 2017, akapewa mechi moja tu ya mwisho kule Denver, akiwa chini ya kocha Andy Reid aliyelea makotabeki maisha yake yote. Walinunua muda pamoja na mchezaji. Angefeli, walikuwa bado timu ya kucheza mtoano.

Sasa linganisha na Carolina Panthers 2023. Walitoka msimu wa ushindi 7 na vipigo 10. Walitaka namba 1 ya Chicago. Wakatoa namba 9, namba 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na juu yake wakamtoa D.J. Moore, mpokeaji wao bora. Wakamchukua Bryce Young. Tazama walivyojifunga: kijana anakuja kurusha pasi, na mtu wa kuzidaka ndiye aliyetolewa ili kijana aje. Timu ikawa dhaifu zaidi, ikashinda mechi 2 tu, na kwa kuwa ilikuwa dhaifu, ile zamu ya 2024 waliyokuwa wameshaiuza ikapanda hadi namba 1. Chicago wakamtaja Caleb Williams. Bei waliyolipa iliongezeka baada ya kulipa! Hilo jambo hawakuhitaji kusubiri matokeo kuliona. Lilikuwa mezani siku ile ya Machi.

Stafford ni tofauti tena. Alikuwa na misimu 12 ya NFL. Les Snead, meneja wa Rams, hakubashiri kijana wa chuo, alinunua mtu anayejulikana, akiwa na timu iliyobakiza nafasi hiyo moja. Na hata hivyo Rams waliendelea kukusanya zamu za chini: Puka Nacua wamempata namba 177, raundi ya tano, 2023.

Kwa hiyo nirekebishe: kupanda kunategemea nani anapanda na kinachobaki nyumbani.

Ssalongo wa Masaka

Mimi nafuatilia mchezo huu kwa sababu ya mtu mmoja, na sijui kama wengi humu mnamjua. Mathias Kiwanuka. Amezaliwa Indianapolis, lakini ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, mtu wetu wa Masaka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuwa Jaji Mkuu alipouawa wakati wa Amin mwaka 1972.

Mwaka 2006 Giants walimtaja namba 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza. Watu walishangaa, maana kazi yake ilikuwa kumvamia kotabeki kutokea pembeni, na Giants tayari walikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck kwa kazi hiyohiyo. Wa nne wa nini? Mwaka 2007 wakamhamishia nyuma ya mstari ili apate nafasi. Novemba akavunjika mguu, na ile Super Bowl ya Februari 2008, ambapo Giants walimwangusha Brady mara 5 na kuwafunga Patriots waliokuwa hawajapoteza mechi, 17-14, hakucheza. Niliumia sana.

Lakini sikilizeni. Strahan akastaafu. Umenyiora akaumia goti kabla msimu wa 2008 haujaanza, akakosa mwaka mzima. Nani akarudi pembeni? Mjukuu wetu, na timu ikashinda mechi 12. Februari 2012 alikuwepo uwanjani walipowafunga Patriots tena. Sasa wale waliosema 2006 kwamba zamu ile imepotea, walitazama orodha ya siku ile. Ofisi ilitazama miguu ya watu na umri wao.

Sangara wa Mwanza

Ssalongo, asante, la ukoo wake sikulijua. Na umetaja kitu ambacho alama za asubuhi haziwezi kukipima. Mchambuzi anauliza "wanahitaji nini leo?" Meneja mzuri anajua nani ana miaka 34.

Fundi Saa wa Tanga

Wakuu naona mnaongea kama maskauti hawana kazi, ni bahati nasibu tu. Siafiki. Zipo nyakati mtu alijua zaidi kwa sababu alikwenda ambako wengine hawakwenda.

Pittsburgh Steelers 1974. Katika drafti moja walitaja Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth na Mike Webster. Wote wanne wako kwenye jumba la heshima la Canton. Na Donnie Shell, ambaye hakutajwa na timu yoyote, akasajiliwa nao bure, naye yuko Canton. Nyuma ya kazi ile alikuwepo Bill Nunn, aliyekuwa mwandishi wa michezo wa gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier. Miaka mingi alizunguka vyuo vya Weusi vya kusini akiandika habari zao, wakati timu nyingi zilikuwa hata hazijui njia ya kufika.

Inasimuliwa kwamba maskauti kadhaa walikwenda pamoja Alabama A&M kumpima Stallworth mbio. Uwanja ulikuwa umeloa, muda ukatoka wa kawaida, wakaandika kwenye madaftari, wakapanda gari wakaondoka. Nunn akasema anaumwa, akabaki. Kesho yake akampeleka kijana mahali pakavu, akabonyeza saa yake upya. Ikatoka kasi nyingine kabisa. Steelers wakamsubiri hadi raundi ya nne, kwa sababu walijua wenzao wana ule muda wa kwenye maji.

Mimi kazi yangu ni saa, kwa hiyo kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Saa haikuwa na kosa siku zote mbili. Kosa lilikuwa la waliodhani wamemaliza kupima. Nunn aliingizwa Canton 2021, akiwa ameshafariki.

Sangara wa Mwanza

Fundi, sina la kupinga, na tafadhali msinielewe kwamba nadharau maskauti. Nunn alikuwa na taarifa ambayo wengine 25 hawakuwa nayo. Leo kila timu inaona mkanda wa kila mechi ya kila chuo, na mbio za Indianapolis, kwenye kambi ya kuwapima vijana kabla ya drafti, zinapimwa kwa umeme mbele ya wote. Taarifa ya siri imebaki ndogo mno. Ndiyo maana nasema anayelipa zamu tatu za raundi ya kwanza lazima anionyeshe anajua nini ambacho wengine hawakijui.

Pale ambapo bado naona tofauti kubwa kati ya ofisi na ofisi ni baada ya kumchagua. Sam Darnold alitajwa namba 3 na Jets 2018, akaitwa galasa New York, akaitwa galasa Carolina, na 2024 akaiongoza Minnesota kushinda mechi 14. Mkono ni uleule. Jordan Mailata alikuwa mcheza raga wa Australia ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Philadelphia wakamtaja namba 233 mwaka 2018, wakamfundisha kwa miaka miwili bila kumchezesha mechi ya ligi, leo analinda upande wa kushoto wa kotabeki wa timu iliyotwaa Super Bowl ya Februari 2025. Huyo walimchagua au walimtengeneza?

Mkenya wa Minnesota

Darnold tuliyekuwa naye hapa alikuwa na Justin Jefferson wa kumtupia, tusisahau. Na Jefferson tulimpata namba 22 mwaka 2020 kwa sababu Philadelphia hao unaowasifu walimtaja Jalen Reagor namba 21.

Sangara wa Mwanza

Kweli tupu. Na drafti ileile, namba 53, wakamtaja Jalen Hurts wakati walikuwa wametoka kumpa Carson Wentz mkataba mnono. Walizomewa na mashabiki wao wenyewe. Hurts ndiye mchezaji bora wa Super Bowl ya Februari 2025. Meneja ni mmoja, Howie Roseman, wikiendi ni moja.

Mama Naima

Basi nikuulize la mwisho, Sangara. Kama chaguo moja halisemi kitu, na matokeo yanadanganya, meneja tutamjua lini? Au hakuna mzuri na mbaya?

Sangara wa Mwanza

Mama Naima, wapo, ila inahitaji miaka. Chaguo moja nalikataa kama ushahidi. Miaka kumi ya machaguo naikubali. Ozzie Newsome, aliyekuwa meneja wa Baltimore Ravens, namkubali, kwa sababu ukisoma drafti zake moja baada ya nyingine unakuta tabia ileile: anafuata orodha yake hata timu ikiwa na njaa ya kitu kingine.

Drafti yake ya kwanza ni ya 1996, timu imetoka tu kuhamishwa kutoka Cleveland. Ana namba 4. Timu inahitaji mkimbiaji, na Lawrence Phillips wa Nebraska bado yupo. Lakini juu kwenye orodha ya Newsome yuko Jonathan Ogden, mlinzi wa kotabeki wa upande wa kushoto, nafasi ambayo tayari alikuwa na mtu wake, Tony Jones. Akamtaja Ogden. Msimu wa kwanza ikabidi wamsogeze acheze gadi, nafasi ya jirani yake kwenye mstari, jitu lote lile, kwa sababu kiti chake kina mtu. Phillips alikwenda namba 6 St. Louis, wakamwacha kabla msimu wake wa pili haujaisha. Ogden yuko Canton.

Na siku ileile Newsome alikuwa na zamu nyingine, ya 26. Akamtaja Ray Lewis, naye yuko Canton. Ile zamu ya 26 haikuwa yao tangu mwanzo. Mwaka 1995 kuna timu ilitaka kupanda kutoka namba 30 hadi namba 10 kumfuata mpokeaji J.J. Stokes, na kati ya walivyowapa Cleveland ilikuwemo raundi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Timu hiyo ni San Francisco 49ers.